Jumatatu ya Heldur

Faili ina mistari elfu mbili na mia nne.
Mstari wa mia saba na kumi na mbili una maneno ya binadamu:
"Hapa pana kosa. Nitalirekebisha Jumatatu. H."

Heldur aliyaandika Ijumaa moja ya mwaka tisini na nane,
hapa Tartu, chumba kilicho juu ya duka la baiskeli,
akavaa koti, akashuka ngazi,
na Jumatatu ikaja na shughuli zake nyingine.
Zimepita Jumatatu ngapi tangu hapo? Sikuzihesabu.
Kuhesabu siku ndiko kulikotuponza.

Kosa lenyewe ni dogo, linaenea kiganjani:
chukua Januari thelathini na moja, ongeza mwezi mmoja.
Maktaba yetu inaingia Februari, inatafuta siku ya thelathini na moja,
haiioni, haiulizi,
inaendelea kutembea mpaka Machi tatu
na kubisha hodi kwenye nyumba isiyo yake.

Hakuna anayeisifu maktaba sanifu.
Ni bomba la maji ndani ya ukuta:
hutajwa siku linapovuja.

Eulogia Barrientos, mwenye nyumba ya wapangaji Punta Arenas,
ambako Februari ni kiangazi na upepo hung'oa mabati,
aliniandikia bila salamu:
"Wapangaji wangu wanane hawadaiwi kodi ya Februari.
Machi wanadaiwa mara mbili, na mimi ndiye naitwa mwizi.
Nirudishie mwezi wangu."

Nilikuwa jikoni. Theluji ilifika kwenye kitasa cha mlango wa nyuma.
Uku alikuwa na homa, amelala juu ya bega langu la kushoto,
kwa hiyo nilirekebisha kwa mkono mmoja.
Mistari mitano.
Ukifika mwisho wa mwezi, simama.
Miaka ishirini na saba tulishindwa kuiambia mashine "simama".
Majaribio elfu nne yakapita, kijani, kijani, kijani,
kama mbaazi zinazomiminwa kwenye sinia.
Nikalala vizuri.

Siku ya tisa baada ya toleo jipya, barua kutoka Gdańsk.
Zbyszko Wilk, karani wa ghala la samaki.
Miaka kumi na mmoja alijua kwamba tunadanganya,
na kila Februari alitoa siku tatu kwa mkono wake mwenyewe,
mbili ukiwa mwaka mrefu.
Sasa sisi tunasema kweli, naye bado anatoa.
Malori yake yalifika tarehe ishirini na tano, yakakuta kufuli.
Mwisho wa barua, neno moja peke yake:
"Hukuniuliza."

Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndivyo tunavyoambiana.
Niliuziba.
Sikujua kwamba kwenye ufa ule
mtu alikuwa akipitisha mkono
kumpa jirani chumvi.

Nikampigia Heldur. Ana miaka themanini na moja,
anafuga nyuki karibu na Võru, sikio moja halisikii.
Ilibidi nipaze sauti: "Ile Jumatatu! Ungefanya nini?"
Nikasikia kijiko kikizunguka kikombeni, kikizunguka,
kisha kikatulia.
"Ningeogopa," akasema. "Unadhani kwa nini sikuja?"
Akaniuliza kama bado duka la baiskeli lipo.
Halipo. Sikumwambia.

Sasa tuna milango miwili.
Wa zamani, uliopinda, umebaki na jina lake kwa ajili ya Zbyszko
na wengine nisiowajua wenye mikono kwenye nyufa.
Mpya, mnyoofu, una jina refu lisilopendeza,
na Eulogia ameniambia hivyo, tena bila salamu,
ila wapangaji wake wamelipa.

Maneno ya Heldur sikuyafuta.
Chini yake nimeandika yangu, bila kutaja siku yoyote:
"Kosa bado lipo. Linafanya kazi.
Kabla hujaligusa, uliza Gdańsk. M."